"Orijino" ni ipi hasa? Namba, spea na ukweli wa bunduki kuukuu za vita

Iweke mezani bunduki ya Kijerumani aina ya Karabiner 98k iliyotengenezwa Oberndorf mwaka 1939. Juu ya resiva, yaani kile kipande cha chuma kinachobeba komeo na kuushika mtutu, utaona 42, kisha 1939. Wengi husoma 42 hiyo wakadhani ni mwaka. Si mwaka. Ni jina la siri la kiwanda cha Mauser, lililowekwa ili adui asijue silaha imetoka wapi. Baadaye kiwanda hichohicho kikapewa herufi byf.

Ubavuni kushoto kuna namba, tuseme 4471, ikifuatiwa na herufi ndogo c. Sasa anza kuisaka namba hiyo. Utaikuta kwenye mtutu na kwenye shina la mkono wa komeo, kile chuma kinachoufunga mtutu kwa nyuma. Fungua komeo: imo pia kwenye pini ya kufyatulia, kwenye kipande cha usalama na kwenye kile kinachovuta ganda la risasi. Imo kwenye kilengeo cha nyuma, kwenye kinga ya kifyatulio, na kwenye bangili mbili za chuma zinazofunga ubao na mtutu. Ukiuvua ubao, utaikuta imegongwa hata ndani, pale mtutu unapolala. Na skrubu zake, vitu vidogo vya kushikwa kwa kucha, zina 71, tarakimu mbili za mwisho.

Bunduki ambayo namba hizo zote zinakubaliana ndiyo wakusanyaji wa Marekani, Ujerumani na kwingineko huilipia fedha nyingi. Ikitofautiana komeo tu, thamani inaporomoka. Ikitofautiana ubao na komeo, wengi huipita bila kuitazama mara ya pili. Aliyewahi kununua gari la mtumba anaielewa hofu hii: fundi hufungua boneti, akasoma namba ya injini na ya chesi, akalinganisha na kadi. Zikikataa kukubaliana, mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Lakini bunduki haina kadi. Ushahidi wote umo ndani ya chuma chenyewe, na mtu mwenye nyundo na seti ya tarakimu za chuma anaweza kuuandika upya. Ndiyo maana napenda kulieleza jambo hili taratibu. Neno "orijino" linabeba maana tatu ambazo watu huzichanganya kila siku, na mchanganyiko huo umeharibu bunduki nyingi kuliko kutu.

Kwanza tujue kwa nini Wajerumani walijisumbua kugonga namba kwenye skrubu. Haikuwa kwa ajili ya kumfurahisha mkusanyaji wa mwaka 2025. Katika utengenezaji wa wakati ule, vipande vingi vilimaliziwa kwa mkono wa fundi. Komeo lilisuguliwa na kupimwa hadi likae sawasawa katika resiva yake, si katika resiva nyingine yoyote. Bunduki kumi zikifunguliwa pamoja karakana ya jeshini kwa kusafishwa, vipande vikalala kwenye beseni moja la mafuta, namba ndiyo iliyosema kila kipande kirudi kwa nani. Kwa askari namba ilikuwa chombo cha kazi. Imekuja kuwa ushahidi wa historia baadaye, kwa bahati.

Sasa zile maana tatu. Kipande *asilia* ni kile kilichotoka kiwandani na bunduki hii hii, na hakijawahi kuachana nayo. Kipande *linganifu* ni kile chenye namba inayofanana na ya resiva. Kipande *sahihi* ni kile cha kiwanda, kipindi na muundo unaotakiwa, bila kujali kilizaliwa na bunduki ipi. Muuzaji anaposema "yote orijino", muulize anamaanisha ipi kati ya hizo. Mara nyingi hata yeye hajajiuliza.

Ulinganifu na uasilia hutengana kwa urahisi kuliko unavyodhani. Viwanda vya Ujerumani havikuhesabu kuanzia moja hadi milioni. Vilihesabu hadi elfu kumi hivi, vikaanza tena na herufi a, vikarudia na b, na mwaka mpya ukifika vinaanza upya. Kwa hiyo kuna 4471 nyingi duniani: ya mwaka huu na ule, ya kiwanda hiki na kile. Vipande vidogo vyenye tarakimu mbili tu ndivyo hatari zaidi. Tarakimu mbili zinatoa alama 100, kuanzia 00 hadi 99. Mtu mwenye debe lenye bangili 200 zilizochanganyika ana zaidi ya asilimia 85 ya uwezekano wa kupata humo angalau moja yenye 71. Akiifunga kwenye bunduki yake hajaghushi namba yoyote, hajagonga kitu, na bangili ni ya enzi ileile. Ni linganifu na ni sahihi, ila siyo asilia. Hakuna jicho duniani litakalolijua hilo kwa hakika.

Kuna na upande wa pili unaowashangaza wanaoanza. Kadiri vita vilivyoendelea kuiendea vibaya Ujerumani, kazi zisizo za lazima ziliachwa. Kufikia mwaka 1944 na 1945 bangili zilikuwa za bati lililokunjwa kwa mashine, sehemu ya kushikia singe iliondolewa, na vipande vingi havikupewa namba kabisa. Bunduki ya mwisho wa vita yenye namba kila mahali, mpaka kwenye skrubu, inatakiwa ikutie wasiwasi. Kukosekana kwa namba kunaweza kuwa ndiyo uasilia wenyewe. Hii ndiyo sababu mkusanyaji makini husoma kwanza kiwanda na mwaka, ndipo aulize nini kilitakiwa kuwepo.

Ukivuka bahari hadi Marekani, mantiki nzima inageuka. Bunduki ya M1 iliyobuniwa na John Garand, mzaliwa wa Quebec aliyefanya kazi katika karakana ya serikali ya Springfield, Massachusetts, ilikubaliwa na jeshi mwaka 1936. Zilitengenezwa zaidi ya milioni tano, na namba ya mfululizo iko mahali pamoja tu: kwenye resiva. Wamarekani walikuwa wamewekeza katika mashine na vipimo vinavyofanya kipande chochote kiingie katika bunduki yoyote. Komeo halikuhitaji kujua mwenzake ni nani. Kilichogongwa kwenye vipande vikubwa si namba ya bunduki bali namba ya mchoro wa uhandisi, pamoja na tarakimu ya marekebisho inayoonyesha toleo la ngapi. Mtutu una mwezi na mwaka. Ukivuta mkono wa komeo nyuma utausoma ubavuni.

Kwa hiyo mtu anayesema M1 yake "ina namba zinazolingana" ama hajui ama anakudanganya. Kinachowezekana ni usahihi: resiva ya kipindi fulani, mtutu uliotengenezwa muda mfupi kabla yake, komeo la toleo la miezi ileile, ubao wenye mhuri wa mkaguzi aliyekuwa kazini wakati huo. Mihuri hiyo ina herufi za kwanza za majina ya maofisa, kwa mfano GHS upande wa Springfield na GHD upande wa kiwanda cha Winchester, na watu wametumia miaka mingi kupanga herufi ipi inaendana na namba zipi.

Hapo ndipo kunapozaliwa mchezo wa "kurejesha". Baada ya vita karibu M1 zote zilipita karakana za jeshi. Zilifunguliwa, vipande vikatupwa kwenye mapipa, zikaungwa tena kwa kinachofika mkononi. M1 ya kawaida leo ina resiva ya mwaka 1943, mtutu wa miaka ya 1950, komeo la Winchester na kilengeo cha baada ya vita. Mkusanyaji anainunua, kisha kwa miaka kadhaa anawinda vipande vya 1943 kimoja kimoja, anavua vya zamani, anafunga "sahihi". Mwishowe anakuwa na bunduki inayoonekana kama ilivyotoka kiwandani mwaka ule.

Je, ni vibaya? Hapana, ilimradi iitwe kwa jina lake. Ni bunduki iliyorejeshwa, kazi ya subira na maarifa, na ina uzuri wake. Tatizo huja mikono ikibadilika mara mbili tatu. Aliyeirejesha alimwambia mnunuzi ukweli. Mnunuzi akafariki. Mtoto wake akaiuza kama "ya babu, haijaguswa". Uongo umezaliwa bila mwongo. Ndiyo maana nashikilia kwamba kila anayebadilisha kipande aandike: nimetoa nini, nimeweka nini, lini. Karatasi hiyo ifungwe kwenye mfuko na ikae na bunduki, na vipande vilivyotolewa vikae nayo pia.

Turudi kwa 98k, maana maisha yake ya pili ndiyo yaliyoleta ugomvi mkubwa kuliko yote. Jeshi la Kisovyeti liliteka bunduki hizi kwa wingi usiosemeka. Baada ya vita zilipelekwa karakana, zikafunguliwa zote, zikachovywa dawa ya kuzitia weusi mpya, mbao zikapakwa vanishi inayong'aa, kisha zikaungwa bila kujali kipande ni cha nani. Ili vipande vifanane, namba ya resiva iligongwa upya kwenye komeo au kuchorwa kwa kalamu ya umeme, mara nyingine ile ya zamani ikipigwa mstari. Wakusanyaji huita hali hiyo namba za kulazimishwa. Ziliwekwa ghalani miongo mingi, na zilipofunguliwa soko la nje zilifika Marekani kwa maelfu.

Yugoslavia ilifanya lake katika kiwanda cha Kragujevac: alama za Kijerumani zilisagwa kabisa na mahali pake pakagongwa nembo ya nchi. Norway ilizipokea zilizoachwa na Wajerumani, ikazifunga mitutu ya risasi za Kimarekani. Israeli ilizibadilisha zitumie risasi za 7.62 za NATO. Kila moja ya hizi ni bunduki ileile ya Oberndorf au ya Steyr, Austria, ikiwa na uraia wa pili.

Swali ni hili: mtu anaponunua 98k ya Kisovyeti, akavua ile vanishi, akasugua weusi, akafuta namba za kalamu ya umeme, akaivika ubao wa Kijerumani ili ifanane na picha za mwaka 1941, amerejesha nini? Mimi naona amefuta. Ile vanishi mbaya ni kumbukumbu ya kweli ya bunduki iliyotekwa na jeshi lililoshinda, na kila tone lake lilipakwa na mkono wa mtu aliyekuwa kazini. Baada ya kusuguliwa hakuna 98k ya 1941 iliyorudi. Kuna kitu cha juzi kilichovaa nguo za 1941, na ushahidi wa kutekwa haupo tena. Wapo wanaonipinga kwa hoja nzuri, kwamba zipo maelfu na chache zikifutwa historia haitapungua. Lakini hivyo ndivyo walivyosema watu wa miaka ya 1950 walipokuwa wakizikata bunduki za kijeshi kwa msumeno ili ziwe nyepesi kwa kuwinda paa, nasi leo tunawalaumu.

Bunduki hizo zilizokatwa ndizo, kwa maoni yangu, wagonjwa wanaostahili daktari. Bunduki ambayo ubao wake wa mbele ulikatwa na kutupwa imeshapoteza uasilia. Kuitafutia ubao wa kipindi chake na bangili mbili hakufuti chochote kilichokuwepo. Anayetaka kujifunza kurejesha aanzie hapo. Ila asiichinje bunduki nzima ili apate spea za nyingine. Uchinjaji huo upo, kwa sababu vipande vikiuzwa kimoja kimoja hupata bei kubwa kuliko bunduki nzima, na kila ikichinjwa moja yenye namba kamili, idadi ya mashahidi inapungua bila njia ya kuiongeza tena.

Kuna jeraha moja ambalo watu hukimbilia kulitibu, nami naomba waliache. Baadhi ya 98k zilizo Marekani zina ubao uliokatwa kwa msumeno chini ya bangili, mahali ambapo bangili ikirudishwa inafunika kidonda. Askari wa Kimarekani aliyetaka kwenda nayo nyumbani aliikata ili ienee katika mfuko wake mrefu wa turubai. Mkato huo una tarehe, una sababu, na una mtu nyuma yake. Ukiambatana na karatasi ya kibali iliyosainiwa na ofisa wake, una thamani kuliko ubao mzima uliotoka kwenye debe. Unaweza kuunganishwa kwa kijiti cha ndani na gundi ili usicheze. Kubadilisha ubao mzima ni hasara.

Kazi ya mikono yenyewe ni ya adabu zaidi kuliko ya nguvu. Adui wa kwanza ni msasa. Ukisugua ubao kwa msasa unaondoa mihuri ya wakaguzi, ambayo ina kina cha unywele tu, na ubao unapungua hadi chuma kinasimama juu yake kama kofia kubwa kwa mtoto. Uchafu wa miaka hutolewa kwa kitambaa na kiyeyushi laini. Mbonyeo hunyanyuliwa kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto, mvuke ukivimbisha nyuzi za mti. Kisha mafuta ya kitani, tone dogo, kwa kiganja, siku moja, pumzika, rudia. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo visirundikwe pembeni: vikikauka hujitia joto vyenyewe hata kuwaka moto. Vianike wazi au vitie kwenye maji.

Chuma nacho kina lugha yake. Kutu nyekundu ni ugonjwa unaoendelea kula, na huondolewa kwa mafuta na sufi ya chuma laini kabisa. Ule ukahawia mweusi uliotulia ni ngozi ya uzee, uache. Kuichovya bunduki nzima katika dawa mpya ya weusi kunaipa sura ya duka, na anayejua atauona weusi umejaa mpaka ndani ya mikwaruzo ya zamani, jambo lisilowezekana kama weusi ungekuwa wa kwanza. Kwa njia hiyohiyo hukamatwa namba za kughushi. Tarakimu iliyogongwa jana huinua kingo ndogo za chuma pembeni yake, hung'aa ndani wakati ngozi ya jirani imefifia, na umbo la 4 au la 7 halifanani na la kiwanda husika. Kila kiwanda kilikuwa na mwandiko wake. Kioo cha kukuzia, taa ya pembeni na picha za bunduki zisizo na shaka hufanya kazi kuliko maneno ya muuzaji.

Lipo jambo moja ambamo namba zinazolingana zinahusu uhai, si bei. Komeo likifungwa, lazima pawe na nafasi maalumu kati ya uso wake na sehemu ambayo risasi inaegemea ndani ya mtutu. Nafasi ikizidi, ganda la shaba hupasuka kwa shinikizo na gesi ya moto hurudi usoni kwa mpigaji. Komeo la bunduki nyingine linaweza kuingia vizuri, likafunga vizuri, na bado nafasi ikawa mbaya. Hata komeo lenye namba linganifu limechakaa miaka 80. Fundi wa silaha mwenye leseni hupima kwa geji, na kabla ya hapo bunduki ni ya ukutani tu.

Sheria nayo, kwa namna yake, inauliza swali letu. Marekani kuna leseni ya wakusanyaji wa silaha za kale, na miaka 50 ni kipimo kimojawapo cha ukale. Lakini bunduki ya kijeshi iliyokatwakatwa kuwa ya kuwindia haihesabiwi humo, kwa kuwa haiko tena katika umbo lake la kwanza. Kwetu Afrika Mashariki huu si mchezo wa nyumbani. Tanzania ina sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sura ya 114, na bunduki inayofanya kazi haigeuki kuwa pambo kwa kuwa ni kuukuu. Kaskazini mwa Kenya, kwa miaka mingi polisi wa akiba walibeba Mark 4, yaani Lee-Enfield ya enzi ya Vita vya Pili, wakilinda mifugo kwa silaha ambayo mahali pengine imewekwa kwenye kabati la kioo. Anayeokota mtutu shambani Taveta au Tanga aupeleke polisi, na makumbusho yaitwe mapema kabla haujaharibiwa.

Na shambani huko ndiko ninakoona hoja ya namba ikifika mwisho wake. Tanga, Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilipigana na Mauser za mtindo wa 1871, zinazotoa moshi mweupe wa baruti nyeusi kila mpigo. Baada ya ushindi waliokota bunduki za kisasa za Waingereza za kutosha kuzipa kampuni tatu, na bombom, yaani bunduki za rashasha, 16. Mwaka 1917 huko Ngomano, ng'ambo ya Ruvuma, walichukua Mauser za Wareno. Walipoweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, kamanda wao Lettow-Vorbeck aliorodhesha bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Za Kijerumani hazikutajwa. Ikitokea leo Lee-Enfield moja ya orodha ile, ikiwa na komeo la namba tofauti na kitako kilichofungwa waya porini, kuna mtu atakayetaka kuitafutia komeo linaloendana. Waya ule ndio sehemu yake asilia kuliko zote.